Mtoto wa miaka mitano aenda kupasuliwa mshipa na aogopa koti jeupe: nimwambie au nisimwambie?

Swali:

"Asalaam aleikum. Mimi niko Lamu, nina mwanangu wa kiume wa miaka mitano. Ana mshipa wa ngiri upande wa kulia, na tumepewa tarehe ya kupasuliwa hospitali Malindi baada ya wiki mbili. Shida ni kwamba mwaka jana alishikwa na homa tukampeleka kudungwa sindano, tukamwambia twaenda kununua biskuti, kufika akashikwa na watu wazima wanne akadungwa kwa nguvu. Tangu siku hiyo akiona mtu na koti jeupe alia mpaka atapika. Nyanyake asema nisimwambie kitu, atajua huko huko. Babake asema nimwambie asubuhi ya siku yenyewe. Kuna mtu kaniambia mtoto hutayarishwa kwa michezo na hadithi, je ni kweli au ni mambo ya wazungu? Na nikimwambia mapema si ndo namzidishia uoga?"

Jibu:

Waaleikum salaam dadangu, na pole kwa huo wasiwasi. Nimehudumia watoto wodini miaka mingi hapa Malindi na swali lako huwa nalipata kwa wazazi wengi, kila mmoja kwa njia yake, kwa hivyo usijione uko peke yako.

Nianze na mtoto mwenyewe. Mwanao hana ugonjwa wa uoga. Aliambiwa biskuti, akakuta sindano na mikono minane imemkandamiza, na ubongo wake ukafanya kazi yake, ukaweka alama kwenye koti jeupe kwamba hapa pana hatari. Sasa akiliona tu mwili washtuka kabla hajafikiria chochote, moyo waenda mbio, misuli yakaza, tumbo lachafuka ndo unaona atapika. Na kuna jambo wazazi wengi hawaambiwi, mtu akiogopa hivyo mishipa ya damu ya mikononi hujibana, nesi akitafuta mshipa wa kuweka dripu hauoni, ajaribu mara ya kwanza, ajaribu ya pili, mtoto azidi kuumia, azidi kuogopa. Kwa hivyo tukizungumza habari ya kumtuliza mtoto hatuzungumzi kumdekeza, ni sehemu ya matibabu kabisa, mtoto aliyetulia hudungwa mara chache na huumia kidogo.

Sasa habari ya kunyamaza. Nyanyake na babake wote wamtakia mema, wataka asiteseke kabla ya siku. Lakini hebu fikiria nyumba yenu wiki hizi mbili. Watu wazima wazungumza kwa sauti ya chini, wanyamaza akiingia, simu yapigwa hospitali, nauli yahesabiwa, begi latolewa, kila mtu ghafla amfanyia huruma. Mtoto wa miaka mitano yote hayo ayaona, na asipopewa maelezo hujitengenezea yake, na atakayojitengenezea karibu siku zote huwa mabaya kuliko ukweli. Watoto wa umri huu hudhani ugonjwa na maumivu ni adhabu, kwamba nilifanya kosa ndo napelekwa huko.

Na hapa kwetu kuna jambo lazidisha hayo. Watu wengi huamini mshipa wa ngiri hutoka kwa sababu mtoto alia sana. Najua ashalisikia hilo hapo nyumbani, labda hata kwa jirani. Bas yeye ajua kosa ni lake, alilia ndo akavimba, na sasa atakatwa, na akilia tena hospitali itakuwaje? Ukweli ni huu. Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mamake, korodani hushuka kutoka tumboni kwenda chini kupitia njia ndogo kwenye kinena, na njia hiyo yatakiwa ijifunge. Kwa watoto wengine haijifungi, na utumbo waweza kupenya hapo ndo waona uvimbe. Akilia au akikohoa tumbo hukaza na uvimbe waonekana zaidi, lakini kilio hakikutoboa kitu, hiyo njia ilikuwa wazi tangu hajazaliwa. Ya kinena haifungi yenyewe, tofauti na ile ya kitovu ambayo kwa watoto wengi hujifunga kufikia miaka minne mitano hivi. Kufunga sarafu au mkanda hakusaidii. Kwa hivyo leo hii, kabla ya mchezo wowote, mwite umwambie kwa maneno yako kwamba hakufanya kosa, kulia hakukuleta huu uvimbe, na ana ruhusa ya kulia.

Pia nyote hapo nyumbani acheni ile "nyamaza nitakupeleka kwa daktari akudunge". Hata kama ni mjomba amesema kwa utani. Ukimtumia daktari kama jini la kutishia leo, kesho huwezi kumwambia mtoto huyu ni rafiki akaamini.

Swali lako la mambo ya wazungu nalijibu hivi, tafiti nyingi zimefanywa kwao, kweli. Mwaka 1975 kule Marekani Barbara Melamed na Lawrence Siegel walichukua watoto 60 wa miaka 4 hadi 12 waliokuwa waenda kupasuliwa, wengine ngiri hiyo hiyo, nusu wakaonyeshwa filamu ya mtoto mwenzao anavyolazwa na kupasuliwa, nusu wakaonyeshwa filamu isiyohusu hospitali kabisa. Wale walioona ya hospitali walikuwa na uoga mdogo kabla ya upasuaji na hata baadaye. Lakini mchezo wenyewe ni wetu sote. Watoto wetu hucheza harusi, hucheza duka, hucheza mwalimu, akichapwa shuleni ataenda kuwapanga wenzake barazani awe yeye mwalimu. Hiyo ndo njia yao ya kuchukua jambo lililowashinda na kuligeuza, yeye awe mfanyaji na lile jambo lifanywe na yeye. Tunachofanya sisi ni kumpa vifaa na kukaa karibu.

Vifaa usinunue. Chukua kipande cha leso kuukuu, kijaze pamba, funga kichwa, funga mikono na miguu, una mgonjwa. Nenda kituo cha afya au duka la dawa uombe bomba la sindano jipya bila sindano yake, glavu, plasta na pamba. Uzi mrefu na chupa ndogo ya plastiki ndo dripu. Glavu hakikisha uko naye, wadogo huweka mdomoni.

Siku ya kwanza kwa mtoto kama wako bomba la sindano usilitoe. Anza na plasta na pamba peke yake. Mwambie huyu mgonjwa aitwa nani? Aumwa wapi? Mwache yeye ndo daktari, wewe uwe mamake mgonjwa, tena uwe mama mwenye maswali, "daktari, ataumia?" "nitakaa naye?" halafu nyamaza usikilize anavyokujibu. Hapo ndo utasikia yaliyo moyoni mwake. Utashangaa. Kuna mtoto nilikuwa nikicheza naye akamdunga mwana wa kitambaa tumboni, mguuni, kichwani, huku amkemea "umekula sukari ndo wadungwa", na kumbe nyumbani alikuwa ashaambiwa hivyo hivyo. Bila mchezo asingeyasema hayo hata umuulize mwezi mzima. Mwanao akidunga kwa hasira mwache, usimwambie "polepole, vibaya hivyo", hasira imtoke. Akishamaliza ndo waweza kusema, "huyu hakufanya kosa, ana kitundu ndani chataka kufungwa, sivyo?" Bas, si lazima umsahihishe kila kitu. Na akikataa kugusa vile vifaa, viache pembeni, cheza wewe na dadake, atakuja mwenyewe. Usimlazimishe hata kidogo, manake alilazimishwa mara moja na ndo haya twayatibu.

Bomba ukilitoa, siku ya tatu au ya nne hivi, jambo moja mwonyeshe vizuri sana. Ile kanula ya dripu watoto karibu wote hudhani sindano yabaki ndani ya mkono, kwa hivyo huogopa hata kusogeza kidole usiku kucha. Mweleze kwamba sindano huingia ikatoka pale pale, kinachobaki ni kamrija kalaini ka plastiki. Chukua mrija wa juisi na kijiti, umpitishie kijiti ndani halafu ukitoe, aone mwenyewe mrija umebaki na kijiti kiko mkononi mwako. Afanye yeye mara kumi akitaka.

Sasa nyanyake. Mimi nakuomba usimweke pembeni, manake katika nyumba yenu huenda yeye ndo dawa kubwa. Nani ajua hadithi hapo kuliko yeye? Mwambie hatutaki amwambie mtoto habari za visu, twataka hadithi ya usiku. Hapo Lamu mtoto ashaona punda wakitibiwa pale kliniki ya punda, bas tumia punda. Nikupe mfano wa vile mimi ningeisimulia, yeye ataitia chumvi yake.

Paukwa! Pakawa! Kulikuwa na punda mdogo, kazi yake kubeba mchanga na babake. Siku moja mamake akaona uvimbe hapa kinenani. Punda hakufanya kosa, uvimbe ulikuwa njiani tangu hajazaliwa. Mamake akamwambia tutaenda Malindi ukafungwe hicho kitundu, tutapanda boti mpaka Mokowe, tutapanda basi, tupite Witu, tupite Garsen, tulale kwa watu wetu, na asubuhi hakuna chai wala mahamri, tumbo litanguruma, ngrrr. Punda akasema mimi sitaki. Mamake akasema najua hutaki, na mimi nitakuwa hapo. Wakafika, nesi akaja na kisindano, punda akahisi machozi yaja... Hapa nyanya anyamaze, amuulize mjukuu: "Sasa punda afanye nini?"

Hilo swali ndo moyo wa hadithi yote. Mtoto atatoa jibu, na jibu lake ndo mtakalotumia siku yenyewe. Akisema apige kelele, sawa, apige kelele moja kubwa huku mkono umetulia. Akisema amshike mamake, sawa. Waweza kumwongezea moja, apulize polepole vile apuliza uji wa moto, na mfanye mazoezi kila usiku hadithi ikifika hapo mpulize nyote. Pumzi ndefu ya kutoa hutuliza moyo kweli, tena humpa kazi, na mtoto mwenye kazi haogopi sawa na mtoto aliyekaa kungoja kufanyiwa.

Lakini punda lazima alie kidogo. Hadithi za shujaa asiyeogopa chochote hazisaidii sana, mtoto ajiangalia aona yeye si huyo. Punda aogope, alie, apulize, adungwe, alale usingizi wa dawa, aamke mamake akiwa pale na plasta imewekwa, aumwe kiasi, apewe dawa, anywe maji, arudi Lamu na boti.

Habari ya lini. Kwa mtoto wa miaka mitano mchezo waweza kuanza leo, hadithi wiki ijayo, na zikibaki siku nne au tano umwambie wazi kwamba ni yeye. Usitegemee hadithi peke yake imwambie, lazima aisikie kwa mdomo wako. Akiwa chini ya miaka mitatu siku moja kabla yatosha, na wa miaka saba kwenda juu mpe wiki nzima au zaidi manake huwa na maswali mengi. Asubuhi ya siku yenyewe kama asemavyo babake ni kuchelewa, hana nafasi ya kuuliza wala kucheza, na kwake itakuwa ni biskuti ya pili.

Maneno yawe machache. "Hapa ndani kuna kitundu hakikufunga ulipokuwa tumboni mwangu. Daktari atakifunga. Utapewa usingizi wa dawa, hutasikia chochote wala hutaamka katikati, na daktari wa usingizi atakaa na wewe mpaka mwisho. Ukiamka patauma, utatuambia, utapewa dawa." Huo usingizi wa dawa mtofautishie na usingizi wa usiku, wengine huogopa kulala nyumbani wakidhani watakatwa wakiwa wamelala. Na kamwe usiseme haumi. Akishaumia atajua mama adanganya, na yote mengine uliyosema yameanguka.

Kuna swali hatakuuliza lakini analo, kama na kidudu chake kitakatwa, manake huko ndiko kwatahiriwa. Kama hajatahiriwa muulize daktari mapema, wazazi wengine huomba vifanywe pamoja kwa dawa moja ya usingizi. Kama havifanywi, mwambie wazi kwamba kidudu chako hakiguswi. Kama vitafanywa, mwambie pia. Kosa kubwa ni aamke akute jambo ambalo hakuambiwa.

Safari yenyewe nendeni siku moja kabla. Mtoto atakatazwa kula, kwa kawaida chakula na maziwa ya ng'ombe masaa sita kabla ya dawa ya usingizi, maji matupu huruhusiwa mpaka muda mfupi zaidi, lakini fuata masaa watakayokupa hospitali. Sababu ni kwamba akiwa amelala kwa dawa, kilicho tumboni chaweza kupanda kikaingia mapafuni. Mtoto mwenye njaa ndani ya basi kutoka Mokowe ni mtihani msiouhitaji. Asubuhi mwambie ni kama watu wazima wafungavyo Ramadhani, mara nyingi hujiona mkubwa.

Ukifika, kabla hawajamgusa, zungumza na nesi. Mwambie mwaka jana yalimpata haya. Omba adungwe akiwa amekaa mapajani mwako, kifua kwa kifua, umemkumbatia, mkono mmoja umetoka nje. Kumlaza chali na kumkandamiza ndo kunamtisha zaidi, na hata Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 wa kupunguza maumivu ya chanjo lilisema mzazi awepo na mtoto ashikwe na mlezi wake akiwa wima. Uliza kama wana krimu ya ganzi ya ngozi, hutakiwa kupakwa kama saa moja kabla ndo ifanye kazi, si kila hospitali huwa nayo. Mpe mtoto chaguo la kweli, mkono huu au huu, uangalie au usiangalie. Usimuulize "wataka kudungwa?" manake akisema la utafanyaje. Na lile "usiogope, usiogope" hebu lipunguze, mtoto akisikia hivyo mara ishirini hujua kuna la kuogopa. Msemeshe punda, pulizeni uji. Mtu mmoja tu azungumze naye, wewe au nesi, msimzunguke nyote.

Kuhusu kuingia naye thieta, hospitali nyingine huruhusu mzazi akae mpaka mtoto alale, nyingine haziruhusu. Mimi ningependa uruhusiwe, lakini nikwambie ukweli, utafiti hauonyeshi kwamba kuwepo kwa mzazi peke yake kwamtuliza mtoto, inategemea huyo mzazi ametulia vipi. Kama wajijua utalia, aingie babake au shangazi, na umwambie mtoto mapema utamngoja wapi. Yule mwana wa kitambaa aende naye mpaka mlangoni, na mkono wake utiwe plasta.

Jitayarishe na hili pia: watoto wengine wakiamka kwenye dawa ya usingizi hulia, hurusha mikono, humtazama mamake kama hawamjui. Huogofya sana, lakini mara nyingi ni dawa yatoka mwilini na huisha ndani ya nusu saa hivi. Mshike, sema kidogo, mwite nesi aangalie kama ni maumivu.

Nikuambie na mipaka. Michezo na hadithi havitamfanya aende akicheka. Huenda akalia sana hata mkifanya yote haya, na kilio chake hakimaanishi mmeshindwa, tofauti utaiona kwa vile atakavyotulia haraka baadaye. Mtoto anayetapika kwa kuona koti tu uoga wake umefika mbali kidogo, kwa hivyo mkicheza siku tano sita na bado hata pamba hataki kuiona, au halali, au amerudi kukojoa kitandani, piga simu hospitali kabla ya tarehe uzungumze na daktari wa usingizi. Kuna dawa ya kumtuliza ya kunywa, mfano midazolamu, hupewa hapo hospitali muda mfupi kabla, hufanya kazi vizuri, ubaya wake ni kwamba aweza kuchelewa kuchangamka baadaye. Hakuna aibu kuiomba. Usimpe dawa yoyote ya usingizi ya nyumbani. Na akishikwa na mafua, kifua au homa siku za karibu na tarehe wapigie pia, huenda wakaisogeza.

Mkisharudi, kumbukumbu yake bado ni mbichi na vile mtakavyoisimulia ndivyo itakavyokaa. Msimweke mbele ya wageni na "huyu alilia huyu!" Semeni lile alilofanya yeye: "Ulipuliza, mkono ukautuliza, ukaniambia pauma nikakuitia nesi." Mwache acheze hospitali hata wiki mbili akitaka. Ikipita mwezi na bado ana ndoto mbaya kila usiku, hataki kukuacha hata uende chooni, mpeleke aonwe na mshauri wa watoto.

La mwisho halihusu mchezo. Kabla ya tarehe kufika, ule uvimbe ukitoka ukawa mgumu, haurudi ndani akilala, wamuuma, umebadilika rangi, au aanza kutapika na tumbo limejaa, utumbo huenda umebanwa. Hapo usingoje Malindi wala asubuhi, usimpe chakula, usiusukume kwa nguvu, mpeleke hospitali iliyo karibu nawe hapo Lamu saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na lazima utafute boti.